Magonjwa yasiyopewa kipaumbele: nani hakuyapa?

(Mada niliyoitoa kwenye darasa la vijana wa chama, Shumba, Wilaya ya Micheweni. Waliokosa kufika waliniomba maandishi. Nimeyaacha karibu kama nilivyosema, pamoja na maswali yaliyoulizwa katikati.)



  Mwenyekiti aliponiuliza nitazungumza nini leo, nilimwambia nitazungumza habari ya mbwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, watu hapa wanataka kusikia habari ya daftari la wapiga kura." Nikamwambia daftari tutalisema, na mbwa nao ni siasa, wala si siasa ndogo.

Nianze na jina. Kuna kundi la magonjwa ambalo Wizara ya Afya kwa Kiswahili inaliita "magonjwa yasiyopewa kipaumbele". Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye mpango wake wa 2021 hadi 2030 liliorodhesha magonjwa na makundi ya magonjwa 20 ya namna hiyo, na mwaka 2023 likaongeza la 21. Humo mna matende, kichocho, ukoma, trakoma, minyoo. Na humo humo mna kichaa cha mbwa.

Sasa mie nasoma sheria, na kuna mwalimu wetu mmoja ana tabia. Ukimpelekea maandishi yenye "ilikubaliwa", "ilipuuzwa", "iliamuliwa", anapiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: na nani? Basi nilipoliona jina hili nikajikuta nauliza vivyo hivyo. Yasiyopewa kipaumbele. Na nani? Maana ugonjwa haujipi wala haujinyimi kipaumbele wenyewe. Kuna mtu amekaa mezani, ana karatasi ya bajeti mbele yake, akaruka mstari.

Tuseme kweli lakini. Katika orodha ile yapo yaliyopiganiwa hapa Pemba. Vidonge vya kichocho na vya minyoo sote tuliosoma skuli za huku tumemezeshwa, tukipangwa mstari na mwalimu akikagua mdomo. Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, ipo tangu mwaka 2000 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo sisemi kwamba hakuna linalofanyika. Nasema kuna fungu moja ndani ya orodha, yale magonjwa ambayo binadamu anagawana na mnyama, ambalo kila ofisi inaliona ni la jirani. Daktari anasema mbwa si mgonjwa wangu. Bwana mifugo anasema mtu si mgonjwa wangu. Na mali ya wawili mnajua inavyoliwa.

Mwaka 2017, huko bara, wataalamu wa wizara mbalimbali walikaa pamoja wakachagua magonjwa sita ya aina hii ya kushughulikiwa kwanza: kichaa cha mbwa, mafua ya wanyama na ndege yanayoingia kwa watu, homa za virusi za kutoka damu ikiwemo homa ya Bonde la Ufa, kimeta, malale na brusela. Mwaka uliofuata Ofisi ya Waziri Mkuu ikazindua dawati lake la uratibu wa Afya Moja, yaani daktari na bwana mifugo wakae meza moja. Ni jambo jema. Ila mwanafunzi wa sheria lazima aulize: orodha ile inamfunga nani? Fungueni Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Nyongeza ya Kwanza. Mambo ya Muungano yalianza 11 mwaka 1964, leo yamefika 22. Afya haimo. Mifugo haimo. Maana yake kwa afya ya mtu wa Shumba na mbwa wa Shumba mwenye dhamana ni Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na mwenye kupitisha pesa ni Baraza la Wawakilishi. Sisi ndio tunaosema kila siku tunataka Zanzibar yenye mamlaka kamili. Basi hapa mamlaka tunayo tayari. Tuone yanatumikaje.

Na hata hiyo orodha ya sita, tusiichukue kama ilivyo tukaibandika ukutani. Malale yanaletwa na mbung'o, na mbung'o Pemba hayupo. Unguja alikuwepo, akamalizwa miaka ya 1990 kwa kurusha madume yaliyotiwa ugumba. Kipaumbele cha Simanjiro si lazima kiwe kipaumbele cha Micheweni. Kwetu mimi naweka kichaa cha mbwa mbele, na sababu nawapa.

Wengi humu mnajua kwamba kisiwa hiki kimewahi kuumaliza ugonjwa huu. Pengine hamjui kwamba kimeumaliza mara mbili. Yaani mara moja, ukarudi, mara ya pili.

Habari hii imeandikwa vizuri kwenye utafiti uliotoka mwaka 2023 katika jarida la kisayansi la eLife, ukiongozwa na Mtanzania, Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara, na wenzake wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Glasgow. Walifuatilia Pemba kuanzia 2010 hadi 2020. Kazi yao ilikuwa kumfuata kila aliyeng'atwa: kang'atwa wapi, na mbwa yupi, mbwa huyo naye kang'atwa na nani, kisha kawang'ata akina nani kabla hajafa. Kama vile polisi mzuri angefanya, kama tungekuwa nao wengi. Halafu wakachukua sampuli za ubongo wa mbwa waliokufa wakasoma vinasaba vya kirusi. Kirusi kinapopita kutoka mnyama hadi mnyama kinajikusanyia alama ndogo ndogo, kama lafudhi. Mtu wa Wingwi na mtu wa Makunduchi wakifungua mdomo tu unajua kila mmoja katoka wapi. Ndivyo walivyojua mbwa yupi ni wa ukoo upi wa ugonjwa.

Wakakuta kuanzia 2010 kulikuwa na minyororo mitano ya maambukizi inayozunguka kisiwani kwa pamoja. Ikaanza chanjo ya mbwa, kisiwa kizima, kila mwaka. Mwanzo ilisuasua, baadaye ikafanywa vizuri zaidi, na kadiri ilivyoimarika mbwa wagonjwa walipungua, watu waliong'atwa wakapungua, na vifo vikapungua. Ilipofika Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Pemba ikawa haina kichaa cha mbwa.

Kisha chanjo ikalegea.

Nataka tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo siasa ilipo. Miaka ile kulikuwa na mradi mkubwa wa majaribio ulioratibiwa na WHO, ukihusu wilaya za kusini mashariki mwa Tanzania na sisi Pemba tukiwemo. Mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, hiyo si siri wala si dhambi ya mfadhili. Aliyetakiwa kuipokea kazi mradi ukisha ni serikali. Lakini hebu mjiweke nafasi ya mtu wa bajeti. Mwaka wa kwanza bila ugonjwa, mwaka wa pili bila ugonjwa. Anakuja ofisa anaomba pesa ya kuchanja mbwa. Unamuuliza: wagonjwa wangapi mwaka jana? Anajibu: hakuna. Unamwambia: basi unaomba pesa ya nini? Ugonjwa ukimalizika na bajeti yake inamalizika. Hivyo hivyo mtu anavyokung'oa mlango kwa sababu mwizi hajaja mwaka mzima.

Mwishoni mwa 2016 kirusi kiliingia tena Pemba. Si mara moja, mara mbili, koo mbili tofauti, kutoka nje ya kisiwa. Kikakuta mbwa hawana kinga. Mlipuko ule ulikwenda mpaka Oktoba 2018 ndipo ukamalizwa, kwa njia ile ile ya mwanzo: kurudisha chanjo ya mbwa kisiwa kizima. Waliofanya kazi ile vijijini, mabwana mifugo na wasaidizi wao wanaotembea na pikipiki na deli la barafu, wanastahili shukrani, na mimi mpinzani nawashukuru bila kigugumizi. Swali langu haliwaendei wao. Linamwendea aliyeacha mlango wazi.

Miaka ile miwili mimi naikumbuka. Mwaka 2017 nilikuwa kidato cha kwanza. Mtoto wa ami yangu, mvulana wa miaka saba, alikuwa anatoka chuoni jioni na juzuu yake kwapani. Mbwa akamjia kimya, hakubweka, akamng'ata paja akaendelea zake. Alipelekwa kituo cha karibu, wakaambiwa dawa haipo, jaribuni mbele. Huko mbele wakaambiwa waje kesho. Mama yake alikuwa ana mwani umeanikwa haujakauka, akauuza mbichi kwa bei ya kutupa apate nauli. Sindano ya kwanza mtoto aliipata siku ya tatu.

Alimaliza dozi na yu hai, anacheza beki na ni mchezaji mbaya kwelikweli. Lakini sikilizeni ilivyokuwa nyumbani. Bibi alikuwa amesikia kwamba mgonjwa wa kichaa cha mbwa anaogopa maji, na kweli ndiyo dalili. Basi kila alfajiri, akisha kuswali, bibi anamwamsha mtoto anampa kikombe cha maji na anakaa mbele yake kumtazama akinywa. Kila siku. Kirusi hiki hutambaa kwenye mishipa ya fahamu taratibu mpaka ubongoni. Kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, na kinaweza kuchukua hata mwaka. Bibi alitega kikombe kile zaidi ya miezi mitatu. Mtoto mwenyewe alidhani ni dawa.

Utafiti ule unasema kuidumisha Pemba bila ugonjwa kunaziepusha familia zaidi ya 30 kila mwaka na mashaka ya kung'atwa na mbwa mwenye kichaa. Mtu wa takwimu akisoma 30 anaona namba ndogo. Mie naona vikombe 30 vya maji alfajiri.

Sasa pesa. Wale watafiti walipiga hesabu. Ukitoa chanjo kwa watu waliong'atwa peke yake, kila kifo unachokiepusha kinakugharimu dola 256. Ukiunganisha yote mawili, chanjo ya mbwa ya kila mwaka pamoja na sindano za bure kwa waliong'atwa, kila kifo kinachoepushwa kinagharimu dola 1,657. Mhasibu mvivu atasema: basi tuchukue ya 256, rahisi. Hapo ndipo anapokosea. Sindano ya mtu inamwokoa mtu yule mmoja, haikati mnyororo. Mbwa wanaendelea kuambukizana, kesho unanunua sindano nyingine, na kesho kutwa, milele, na kila mara ukitegemea kwamba mtoto atafika, gari litapatikana, na dawa itakuwepo. Chanjo ya mbwa ndiyo pekee inayozima moto wenyewe. Na watafiti wenyewe wanasema hata hiyo ya 1,657 ni thamani nzuri sana kwa pesa.

Lakini angalieni nani analipa. Sindano ya mtu inatoka mfuko wa afya. Chanjo ya mbwa inatoka mfuko wa mifugo. Faida ya chanjo ya mbwa, yaani vifo kupungua na sindano kutohitajika, inahesabiwa kwenye ripoti ya afya. Wizara yenye mifugo inatoa pesa, sifa zinakwenda kwa jirani. Na mbwa hatoi maziwa, hatoi nyama, hatoi ngozi. Mwaka mzima umechanja mbwa, pato la mifugo halijapanda hata senti. Ng'ombe wa Pemba anatungiwa mchezo, anapigiwa zumari, anaitwa jina. Mbwa anapigwa jiwe.

Hapo kijana mmoja nyuma alinyoosha mkono akauliza: "Dada, kwani tusiwauwe tu yakaisha?"

Swali zuri, na najua wengi wanalo moyoni. Jibu ni kwamba limejaribiwa. Bali, kisiwa cha Indonesia, kilikuwa hakina kichaa cha mbwa kabisa mpaka mwaka 2008. Ugonjwa ulipoingia wakaanza kuua mbwa kwa maelfu na maelfu, na ugonjwa ukaendelea kuenea kisiwa kizima. Zaidi ya watu 100 walikufa. Ukiua ovyo unaua na waliochanjwa, ambao ndio ukuta wako. Nafasi zao zinajazwa na watoto wa mbwa wasio na kinga. Na mwenye mbwa wake, anayemtegemea kufukuza tumbili kwenye muhogo, akisikia watu wa kuua wanakuja anamficha, au anampeleka kijiji kingine, na maradhi anayapeleka naye. Kumbe ukichanja mbwa 70 katika kila 100, na ukarudia kila mwaka, mnyororo unakatika wenyewe. Meksiko walishika njia hiyo, chanjo ya bure kwa mbwa mwaka hadi mwaka tangu miaka ya 1990, na mwaka 2019 WHO ikawathibitisha kuwa nchi ya kwanza duniani kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa. Sisi Pemba mbwa ni wachache, tumezungukwa na bahari pande zote. Kama kuna mahali kazi hii ni nyepesi ni hapa.

Nije kwenye jambo la dini, na wazee wanisahihishe. Chuoni tumefundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi na chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni tohara, na tohara ina mahali pake. Jeraha lina hukumu yake ya kitabibu: maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano kamili, tena ukiwa na saa mkononi, halafu mbio spitali kwa sindano, siku hiyo hiyo. Udongo msiutie kwenye kidonda. Wala pilipili, wala kahawa, wala mafuta ya taa. Na kingine: chuki yetu kwa mbwa imekuwa sababu ya kutomhesabu, na asiyehesabiwa hachanjwi. Nani hapa hajaisikia habari ya mtu aliyeteremka kisimani akampa maji mbwa mwenye kiu na Mwenyezi Mungu akamsamehe? Sasa huyu wetu hata maji hatumwombi mtu ampe. Tunaomba sindano moja kwa mwaka, tena kwa faida yetu.

Mama mmoja aliuliza kuhusu ng'ombe, kwamba amesikia maziwa nayo yana maradhi. Ni kweli, brusela. Ng'ombe anatupa mimba, na mtu anapata homa za kwenda na kurudi, viungo vinauma, kila akipimwa malaria haionekani. Chemsheni maziwa, na ndama aliyetupwa msimshike mikono mitupu. Hilo lina mada yake peke yake, tutaliandalia siku.

Turudi kwenye sheria, maana ndiyo iliyonileta. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilikuwa na hamu ya kushitaki kila kitu. Ibara ya 14 ya Katiba ya Muungano inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Nikasema hii hapa, mtoto kang'atwa, dawa haipo, twende mahakamani. Lakini kuna Ibara ya 7(2), inayosema yale malengo makubwa ya sera katika sehemu ile ya Katiba hayana nguvu ya kisheria mahakamani. Ahadi nyingi za ustawi zimewekwa huko, kwenye kabati lenye kioo: unaziona, huzishiki. Mwanasheria hodari anaweza kuibana serikali kwa haki ya kuishi, na natamani siku moja niwe huyo. Ila njia hiyo ni nyembamba na ndefu. Njia pana ni mstari wa bajeti. Kipaumbele bila mstari wa bajeti ni salamu tu.

Dunia imejiwekea lengo la kutokuwepo kifo hata kimoja cha binadamu kutokana na kichaa cha mbwa wa nyumbani ifikapo 2030. Makadirio yanayotumika ni watu 59,000 wanaokufa kila mwaka duniani, na Tanzania watu 1,500 hivi. Wengi ni watu wa mashamba, na wengi ni watoto, kwa sababu mtoto ndiye anayelingana kimo na mbwa. Chanjo ya binadamu ilianza tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mvulana wa miaka tisa mjini Paris. Miaka 140. Hatusubiri mtu avumbue kitu. Dawa ya kuzuia ipo tangu babu wa babu zetu, ni sisi ambao haijatufikia kwa wakati.

Na sisi chama tujitazame. Mikutano mingapi tumepanda jukwaani, tumesema karafuu, tumesema tume ya uchaguzi, tumesema vitambulisho, na yote ni haki. Nani amewahi kumsimamisha mgombea akamuuliza habari ya mbwa? Mwakilishi hawezi kusimama barazani kuulizia jambo ambalo wapiga kura wake hawajamuuliza hata mara moja.

Kwa hiyo napendekeza mambo, na mwenyekiti ataamua. Bajeti ya Zanzibar inasomwa na kujadiliwa Mei na Juni, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo tumwandikie Mwakilishi wetu barua, kwa heshima, tumwombe aulize barazani: chanjo ya mbwa Pemba ina fungu lake kwenye bajeti ya serikali, au inasubiri mfadhili? Ni kiasi gani, na kilichotoka kweli mwaka uliopita ni kiasi gani? Maana kupangiwa na kutolewa ni vitu viwili. Mbwa wangapi walichanjwa kila wilaya? Sindano za binadamu ziko vituo gani, na zilikosekana siku ngapi? Majibu yakija tuyabandike kila tawi. Ibara ya 18 inatupa haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yetu, na mimi silioni jambo muhimu kuliko hilo.

La pili ni la madiko. Kirusi kile cha 2016 hakikuogelea. Kiliingia ndani ya chombo, ndani ya mbwa. Mbwa akipakiwa kwenye jahazi, awe katoka Tanga au Unguja, haulizi kama afya ni jambo la Muungano. Vijana wavuvi mlioko hapa, wa Shumba, wa Tumbe, wa Msuka, nyinyi ndio mnaoona nani kashuka na mbwa usiku. Sikuombeni mpige mtu wala mmuue mnyama. Naomba bwana mifugo wa wilaya apate simu asubuhi yake.

Na la tatu ni kuhesabu. Siku ya chanjo ikitangazwa, watu wanafika bila kujua mbwa wako wapi. Sisi tunajua. Kila kijana anajua nyumba gani ina mbwa na konde gani lina wawili. Tuorodheshe: kijiji, idadi, wakubwa na wadogo, mwenyewe yupo au hayupo. Orodha tuipeleke kwa sheha na kwa ofisa wa mifugo, kwa maandishi, tubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Najua sisi na masheha wengine hatupiki chungu kimoja, hasa ukikaribia uchaguzi. Mbwa hana kadi ya chama. Sheha akiikataa orodha, naomba anikatalie mimi, kwa maandishi, nami nitajua la kufanya nayo.

Katibu wa tawi ana madaftari manne na kalamu. Tumegawana: Shumba Mjini kundi la kwanza, Vyamboni la pili, na wa Tumbe na Konde watachukua yao baada ya darasa. Tunaanza Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa sababu mchana mbwa wote wamelala chini ya miembe na hutawaona.